Sala Iliyogeuzwa

Uswisi, mtu aendaye kwa miguu hapewi kilomita. Kibao cha njano kwenye njia panda humtajia muda: kijiji kile, saa moja na dakika ishirini, kibanda cha wapanda milima, saa tatu na nusu. Mwenye baiskeli ana kibao chake chekundu, naye hupewa kilomita, kwa kuwa mwendo wa baiskeli ni siri ya miguu ya mwenye nayo. Halafu kuna vibao vya aina ya tatu, vinavyopatikana tu karibu na mito ya barafu, kwa mfano katika bonde la Morteratsch upande wa mashariki. Hivyo vimeandikwa mwaka peke yake, bila jina la kijiji. Mwaka huo barafu iliishia hapo. Unatembea, unakutana na mwaka mwingine, unatembea tena.

Tulikuwa wanne ndani ya gari: dada yangu, shemeji, binti yao wa miaka tisa, na mimi mjomba mtu, niliyetoka Moshi kuja kuwatembelea kiangazi. Baiskeli zilifungwa nyuma, mabuti yakajaa chini ya viti. Safari ilipangwa na shemeji: Zürich, Bern, kisha kupanda Grimsel na Furka, kushuka bonde la Wallis kwa baiskeli, kutembea juu ya barafu ya Aletsch, na kumalizia Geneva. Ukiitazama ramani utaona alichokuwa anakifanya. Ukiiacha Zürich, alikuwa anafuata maji.

Zürich nitaipita upesi, kama tulivyoipita. Ni mji mzuri na ghali, una ziwa safi ambalo watu wa maofisini hujitosa humo saa za chakula cha mchana. Kilichonivuta macho ni jengo la chuo cha ETH juu ya kilima, kwa sababu humo wapo baadhi ya wataalamu wanaozipima barafu za nchi hii mwaka hadi mwaka. Hesabu zao zinatisha. Mwaka 2022 barafu za Uswisi zilipoteza takribani asilimia 6 ya ujazo wake, na mwaka 2023 asilimia 4 nyingine. Sehemu ya kumi ya barafu yote ya nchi ikaenda ndani ya miaka miwili.

Bern ni habari nyingine. Mji mkongwe, ulioasisiwa mwaka 1191, umekaa ndani ya kiwiko cha mto Aare, na njia zake zimeezekwa kiasi kwamba unaweza kuzunguka madukani mvua ikinyesha usilowe. Wageni hukusanyika chini ya mnara wa saa, Zytglogge, kungoja vinyago vyake vicheze kabla ya saa kugonga. Wengine hupanga foleni Kramgasse kuiona nyumba aliyokuwa amepanga Einstein alipokuwa karani wa ofisi ya hataza. Tulifanya yote hayo kwa adabu. Lakini kiangazi Bern yenyewe haiko mitaani, iko mtoni. Watu huyapanda maji kwa miguu kando ya ukingo, nguo wameziweka kwenye mifuko isiyopitisha maji, kisha wanajitosa na kuuacha mkondo uwachukue hadi chini ya jengo la bunge, pale Marzili, ambako lazima ushike chuma cha kutokea mapema, maana mto hausubiri mtu. Ofisi zikifungwa, unaweza kuona vichwa vya watumishi wa serikali vikipita mtoni huku vinazungumza mambo ya kazi.

Maji hayo ni baridi kwa sababu safari yake inaanzia kwenye barafu za Grimsel. Yanapumzika katika ziwa la Brienz na ziwa la Thun, yakapata joto kidogo, yakafika Bern yanavumilika. Mimi ni mtu wa Moshi. Mto kwetu ni wa kuchota na wa kuvuka. Dada yangu, tuliyelelewa naye nyumba moja, alijitosa bila hata kunitazama. Nilimwona akipita, amekumbatia mfuko wake wa nguo, akanipungia mkono kwa namna ya watu wa pale. Nikajua kwamba ameshahama kweli.

Kupanda Grimsel kwa gari ni kazi ya gia ya pili na subira. Barabara inajikunja ubavuni mwa mwamba, na mara kwa mara unasikia honi ya sauti tatu: basi la njano la posta linakuja, nawe unatakiwa kulipisha. Honi hiyo imetoholewa kutoka opera ya Rossini ya Wilhelm Tell, na dereva anayepiga opera kwenye kila kona anastahili kujiona kidogo. Kule juu kinachokupokea kwanza si barafu, ni zege. Mabwawa yamejengwa kuzuia maji ya kiangazi, barafu inapoyeyuka kwa wingi, ili yafunguliwe kuzalisha umeme wakati wa baridi, nyumba zikihitaji joto. Watu wa huku wamezoea kuitumia barafu kama ghala ya maji. Mbali zaidi, nyuma ya bwawa, ndipo ulipo mto wa barafu wa Unteraar. Mwaka 1827 mwalimu mmoja aitwaye Franz Josef Hugi alijenga kibanda juu yake. Miaka kumi na kitu baadaye kibanda kilikutwa zaidi ya kilomita moja chini ya pale kilipojengwa. Hakuna aliyekisogeza. Barafu ilikuwa imetembea nacho.

Louis Agassiz naye alipiga kambi hapohapo mwaka 1840, chini ya jiwe kubwa lililokuwa limebebwa na barafu, akaiita kambi yake hoteli. Ndiye anayetajwa vitabuni kuwa aliutangazia ulimwengu, mwaka 1837, kwamba zamani barafu ilitanda juu ya sehemu kubwa ya Ulaya. Jina kubwa, na anastahili sehemu yake. Lakini kabla yake kulikuwa na Jean-Pierre Perraudin, mwindaji wa paa wa milimani katika bonde la Bagnes, aliyeyatazama mawe makubwa yaliyokaa pasipo sababu kwenye miteremko na mikwaruzo iliyochorwa miambani, akasema: hii ni kazi ya barafu, iliwahi kufika huku. Alimwambia mhandisi Jean de Charpentier, naye hakusadiki. Akamwambia mhandisi mwingine, Ignaz Venetz, naye akaanza kufikiri. Venetz akaja kumshawishi Charpentier, Charpentier akamshawishi Agassiz. Elimu ikapanda ngazi, na kila ngazi iliyopanda, jina la mwindaji lilififia.

Kisa hicho mtu wa Kilimanjaro hakimpiti hivihivi. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya kilele cha Kibo, akaandika kwamba ni theluji. London, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alikataa katakata: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Mabishano yakachukua miaka. Wakati wote huo Wachagga walikuwa wanaamka asubuhi, wanaitazama, wanakwenda shambani.

Barafu ya mlimani niliigusa kwa mara ya kwanza Furka, na nikalipia kiingilio.

Hilo linahitaji maelezo kidogo. Nimekua nikiiona Kibo alfajiri kabla mawingu hayajaifunika, lakini kwetu mlima ni kazi. Wanaoupanda kwa hiari ni wageni; wenyeji hupanda na mzigo kichwani, au wakiongoza kundi. Baba wadogo wawili wa ukoo wetu walikuwa wapagazi, na walichotuletea kutoka juu si hadithi za uzuri bali midomo iliyopasuka na bahashishi. Kwa hiyo mtoto wa Moshi anaweza kufika utu uzima akiwa ameitazama barafu maelfu ya asubuhi bila kuigusa. Mimi nilivuka bahari ndipo nikaigusa, katika pango lililochimbwa ndani ya mto wa barafu wa Rhône, kando ya barabara ya Furka, mita mia chache kutoka maegesho ya magari.

Pango hilo huchimbwa upya kila mwaka, kwa sababu barafu husogea na kuliharibu; desturi hiyo ilianza katika karne ya 19. Ndani mwanga ni wa buluu, kuta zinatiririka. Nje, sehemu iliyo juu ya pango imefunikwa mablanketi meupe, hekta za blanketi, ili kurudisha jua lilikotoka. Mengine yameraruka na upepo, yanapepea. Nilitarajia kwamba shemeji, mtu wa bonde hilihili, angeyaonea fahari. Alicheka kwa puani. Blanketi linaokoa pango, akasema, na pango linaokoa kiingilio. Barafu yenyewe haina habari. Wataalamu husema vivyo hivyo kwa lugha ya upole zaidi: pale lilipofunika, blanketi hupunguza uyeyukaji sana, lakini hakuna atakayeweza kuifunika milima yote, na hata angeweza, asingelipa gharama yake.

Ukisimama pale na kutazama chini unaona kijiji kidogo cha Gletsch, na hoteli yake ya mawe. Katikati ya karne ya 19 barafu ilishuka ukuta huu wote ikatandaza ulimi wake bondeni, karibu kabisa na hapo palipo na hoteli. Wageni walikuja kuiangalia kupitia madirisha. Mwaka 1874 wapimaji walipanga mistari ya mawe yaliyopakwa rangi juu ya barafu, wakawa wanayafuata mwaka baada ya mwaka kujua kila sehemu inakwenda mwendo gani. Leo bonde ni kokoto na vichaka, na kijito kinachokatisha katikati ndiyo Rhône. Hoteli nyingine, Belvédère, iliyojengwa kwenye kona ya barabara mwaka 1882 kwa ajili ya mandhari hiyohiyo, imefungwa madirisha. Watu sasa hupiga picha na hoteli. Barafu haionekani vizuri kutoka barazani kwake.

Tulitelemka hadi Oberwald, baiskeli zikashushwa, dada akabaki na gari. Sitasema mengi juu ya uzuri wa kuendesha baiskeli kutoka hapo kulifuata bonde la Goms, kwa sababu furaha ya mteremko haiandikiki; unaachia breki, upepo unaingia mikononi mwa shati, na unasamehe kila mlima uliowahi kukutoa jasho. Njia ina namba 1 kwenye vibao, inafuata Rhône kutoka milimani hadi Geneva. Vijiji ni vya mbao iliyokaushwa na jua hadi ikawa nyeusi. Maghala ya nafaka yamesimama juu ya miguu, na kati ya mguu na ghala kuna jiwe la duara bapa, ili panya akipanda akwame. Wazee wa miaka sabini walitupita wakiwa wima kabisa kwenye baiskeli za umeme, wanatusalimia. Treni nyekundu ilikuja nyuma yetu, ikatupita, tukaikuta imesimama kituoni, tukaipita. Mchezo huo mpwa wangu aliuchukulia kwa uzito mkubwa. Na mto wakati wote uko pembeni, mweupe kama uji wa mchele, kwa unga wa mwamba uliosagwa na barafu.

Mama yake shemeji anakaa katika kijiji kimoja cha bonde hilo, karibu na Fiesch. Alitupokea na mkate wa shayiri nyeusi, jibini, na nyama iliyokaushwa, akatutaka tule kwanza, mengine baadaye. Dada humwita Mama, kama anavyomwita mama yetu. Ni yeye aliyetusimulia habari ya sala, nayo imeandikwa pia na wanahistoria, kwa hiyo si simulizi ya jikoni tu.

Mwaka 1678 watu wa Fiesch na Fieschertal waliweka nadhiri. Miaka ile barafu ilikuwa inakua. Mto wa barafu wa Aletsch, ulio mrefu kuliko yote katika Alps, ulikuwa unashuka kuelekea malisho na misitu yao, na pembeni yake kulikuwa na ziwa la Märjelen, lililozuiwa na barafu yenyewe. Ukuta huo wa barafu ulipoachia, maji yalibomoka kwa mkupuo na kuvifagia vilivyokuwa bondeni. Wanakijiji wakaahidi mbele ya Mungu kuishi kwa uadilifu na kusali ili barafu irudi nyuma. Mwaka 1862, mambo yalipokuwa mabaya tena, wakaongeza maandamano ya kila mwaka, yakawa yanafanyika tarehe 31 Julai, alfajiri, hadi kanisa dogo la msituni. Vizazi vikapita vikisali sala ileile. Yule mama aliisali akiwa binti, ameshika mkono wa bibi yake, ambaye aliisali kwa kumaanisha.

Barafu ikarudi nyuma. Ikarudi, ikarudi, ikapita pale walipoomba. Na nadhiri haivunjwi kienyeji. Iliyowekwa kanisani hufunguliwa kanisani. Kwa hiyo mwaka 2009 waumini wakaomba ruhusa Roma, na mwaka 2010 Papa Benedikto wa 16 akakubali sala igeuzwe. Sasa wanasali barafu isiendelee kuyeyuka.

Nilimuuliza yule mama, dada akinitafsiria, alijisikiaje siku aliposali sala mpya kwa mara ya kwanza. Akasema ulimi ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye maneno ya zamani. Kisha akaondoa sahani.

Mimi naona kisa hiki kinaeleza barafu kuliko mabango yote ya utalii tuliyoyaona njiani. Sisi wageni huja tukiwa na macho ya picha: barafu ni nyeupe, ni nzuri, inaondoka, tuihurumie. Watu wa bonde hawakuanza na huruma. Walianza na hofu, wakaja na hesabu. Barafu ni jirani ambaye ng'ombe wake wanakula shamba lako na kisima chake ndicho unachokitegemea, na jirani wa namna hiyo humwombei afe, humwombei aje. Unamwombea akae kwake. Sala ya 1678 na sala ya 2010 ni moja kwa maana hiyo.

Hesabu ninayoisema ni ya maji. Wallis ya katikati ni bonde kavu, milima ya pande zote mbili inaizuia mvua. Tangu zama za kati wakulima walichonga mifereji kutoka kwenye vijito vya barafu, wakaipitisha kwenye kuta za miamba kwa magogo yaliyochimbwa, mahali pengine ikining'inia juu ya korongo, hadi kwenye malisho na mizabibu. Huiita Suonen kwa Kijerumani chao, na upande wa Kifaransa bisses. Watu walikufa kwa kuijenga na kuikarabati. Haki ya kila ukoo, saa ngapi za maji na zamu ya lini, ilichongwa kwenye vijiti vya mbao kwa alama za ukoo. Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza umwagiliaji wa jadi wa namna hii, wa Uswisi na wa nchi nyingine kadhaa za Ulaya, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Jioni ile tulitembea kando ya mfereji mmoja, kibao cha njano kimetuambia dakika arobaini, nami nilikuwa kama niko Kibosho. Kwetu ni mifongo. Inatoka kwenye vijito vya msitu wa Kilimanjaro, inazunguka vilima kwa mteremko mdogo ambao jicho la mgeni haliuoni, inaingia kihambani kwa zamu. Ina wazee wake, ina siku za kuchimba kwa pamoja, na asiyetokea kuchimba anatozwa. Nilimweleza shemeji namna mtu anavyoamka usiku wa manane kufungulia maji kwa sababu ndiyo zamu aliyopangiwa, na namna ugomvi wa maji unavyoweza kudumu kuliko ndoa. Akasema hapo sasa tumeelewana.

Tofauti ipo, na ni ya kusema wazi, kwa sababu mara nyingi barafu zote za dunia hutiwa katika kapu moja la majonzi. Mifongo hainywi barafu ya Kibo. Chemchemi na mito ya Kilimanjaro hulishwa zaidi na mvua ya ukanda wa msitu. Kinachotiririka kutoka kileleni ni kidogo sana. Na barafu ile yenyewe imekuwa ikipungua tangu kabla magari hayajawa mengi duniani: Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni Oktoba 1889 iliwabidi wachonge ngazi kwenye barafu kwa shoka, na Meyer aliporudi mwaka 1898 aliona imeshasogea nyuma. Mwaka 1912 ilikadiriwa kuwa na takribani kilomita za mraba 12; mwaka 2011 hazikutimia 2. Sehemu kubwa ya sababu ni ukame: theluji mpya haianguki ya kutosha, na barafu juani, katika baridi ileile, hugeuka mvuke bila kupitia maji. Leo anayepanda kwa njia ya Marangu anaweza kufika kilele cha Uhuru bila kukanyaga barafu. Msitu wa Kilimanjaro ukikatwa, Moshi itakosa maji hata kama Kibo ni nyeupe pe. Barafu ya Wallis ikiisha, ni maji ya Julai na Agosti yatakayopungua, miezi ambayo mzabibu unayataka na mvua haipo. Kwetu barafu ni uso wa mlima. Kwao ni akiba ya kiangazi.

Siku ya Aletsch tulipanda kwa gari la kamba kutoka Fiesch, tukapita kwa miguu hadi Märjelen. Lile ziwa lililotisha vijiji limebaki vidimbwi. Ukuta wa barafu uliolizuia umeshuka. Hapo tukafungwa kamba moja, tukavaa meno ya chuma chini ya mabuti, na kiongozi wetu, mwanamke wa hukohuko mwenye shingo iliyobabuka na jua, akatuambia tutembee miguu imeachana kama wapanda farasi ili tusijikanyage suruali. Mto huu una urefu wa zaidi ya kilomita 20. Mahali panapoitwa Konkordia, barafu tatu kubwa zinapokutana, kina chake kinafikia karibu mita 800. Nilifika nikitarajia weupe na kimya. Si nyeupe: ni ya kijivu, ya kahawia, imejaa mawe na mchanga, na kwenye nyufa ndipo unapoiona buluu. Wala haikai kimya. Maji yanapita kila mahali, juu na chini ya miguu, yanaingia kwenye mashimo ya duara na kupotea kwa mngurumo. Kuna mawe makubwa yamesimama juu ya mguu wa barafu kama meza, kwa kuwa jiwe lilikinga jua pale chini yake na pembeni pakayeyuka.

Kiongozi aliinama akakusanya tope jeusi kwenye ncha ya kidole. Masizi, akasema, vumbi la miamba, na mengine ni vumbi la Sahara. Miaka mingine upepo hulileta kwa wingi hadi theluji ikawa ya rangi ya chungwa, na theluji yenye rangi hunywa jua zaidi ikayeyuka upesi. Akaniangalia kidogo aliposema Sahara. Nikamwambia Moshi ni mbali na Sahara kuliko hapa tulipo. Alifikiri, akakubali.

Kutoka ukingo wa barafu unaona kuta za bonde zilizo tupu, zenye rangi nyepesi, na juu yake mstari ambapo miti mikubwa inaanzia. Mstari huo ndio uliokuwa ukingo wa barafu katikati ya karne ya 19. Tulikuwa tumesimama chini ya barafu isiyokuwepo. Nilitazama juu, nikajaribu kuirudisha kwa mawazo, mita kwa mita, sikuweza. Mpwa wangu alikuwa anashughulika na kujaza chupa.

Na jirani huyu hata anapoondoka haondoki kwa upole. Tarehe 28 Mei 2025, katika bonde la Lötschental lililo jimbo hilihili la Wallis, mwamba uliokuwa unabomoka juu ya barafu ya Birch uliilemea hadi ikaporomoka yote, ikakifukia kijiji cha Blatten karibu chote. Watu wapatao 300 walikuwa wamehamishwa siku chache kabla, kwa sababu wapimaji waliuona mlima unasogea. Mtu mmoja alipoteza maisha. Mama yake shemeji anafahamiana na watu wa kule. Kwenye maongezi yake hakutumia neno maafa hata mara moja. Alitaja nyumba, moja moja, kwa majina ya wenye nazo.

Nilirudi bondeni nikiwa na maswali juu ya gari letu, ambalo lilikuwa limetupandisha milima miwili kwa petroli ili tukaione barafu inayokufa kwa joto. Maegesho yalikuwa yamejaa watu wenye swali hilohilo na injini zikinguruma. Sina la kuongeza hapo.

Geneva ni mji wa mikutano. Tuliona chemchemi inayorusha maji mita 140 hewani, tukapita mbele ya Umoja wa Mataifa, tukala samaki wa ziwani kwa bei ambayo Mwanza ungenunua mtumbwi. Shemeji alitaka tufike Jonction, mahali Rhône inapotoka ziwani ikakutana na mto Arve. Pale darajani unaona mito miwili ikienda bega kwa bega ndani ya kingo moja: Rhône ya kijani safi, Arve ya kijivu. Zote mbili ni za barafu. Arve imetoka Mont Blanc moja kwa moja na vumbi lake. Rhône, ile tuliyoiona Goms ikiwa uji, imeacha unga wake wote chini ya ziwa. Chini yetu vijana walikuwa wanaelea kwenye maboya, muziki umewashwa.

Shemeji akamweleza binti yake kwamba tone la maji likiingia ziwa hili hukaa humo, kwa wastani, miaka kama 11 kabla ya kutoka. Mpwa wangu akahesabu kwa vidole. Maji ya barafu aliyoikanyaga yatapita chini ya daraja hili akiwa na miaka ishirini. Baba yake akamkumbusha kwamba huo ni wastani tu, mengine yatapita mapema, mengine yatachelewa. Hakumsikiliza. Akasema miaka ishirini atakuwa na leseni, na atatuleta sote hapa kwa gari lake, mjomba nitoke Moshi niwahi.

Shemeji, aliyekuwa amelipia petroli tangu Zürich, akasema kuna treni.